SITI BINTI SAAD: MUUZA VYUNGU ALIYEIMBA HADI BOMBAY

  Vuta kiti, uketi kitako, nikusimulie maisha ya mama mmoja ambaye jina lake twalisikia mara kwa mara darasani lakini wengi wetu hatumjui hasa. Mama huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Najua wako watakaouliza, kwani huku Taita Taveta hakuna waimbaji mpaka tuvuke bahari? Wapo jamani, tena wa kusifika. Fadhili William Mdawida, yule ambaye sauti yake iliusambaza wimbo wa Malaika, alikuwa mwana wa huku kwetu, na hata baada ya kufariki mwaka 2001 twajivunia kumtaja. Lakini Fadhili alizaliwa mwaka 1938. Miaka kumi kabla ya hapo, santuri za Kiswahili zilikuwa tayari zimeshaanza kuzunguka Pwani, na sauti iliyoufungua mlango huo ilikuwa ya mwanamke. Si mwanamke wa kasri, la. Ni mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu.

Nimechagua kumwandika kwa sababu ya mjadala tuliokuwa nao katika chama chetu. Hoja ilikuwa kwamba kuimba si kazi ya msichana mwenye adabu. Wengi waliiunga mkono. Walisema msichana akishika kipaza sauti masomo yake yamekwisha, na heshima yake imekwenda na maji. Mimi sikuridhika. Nikaona badala ya kubishana tu, afadhali niyatafute maisha ya mtu aliyepita njia hiyo, tuone yeye heshima yake iliishia wapi.

KUZALIWA NA MALEZI

Siti alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Mzee Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Kizigua. Maana yake ni kwamba mizizi ya ukoo huu ilikuwa bara, ingawa mtoto alizaliwa kisiwani.

Siku aliyozaliwa hakupewa jina la Siti. Aliitwa Mtumwa. Ndiyo, msomaji, Mtumwa! Usishtuke. Zama hizo zilikuwa zama za utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko ni jambo moja na kumaliza utumwa ni jambo jingine. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria pale Unguja mpaka mwaka 1897, wakati ambapo Mtumwa binti Saad alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, umri wetu sisi wa kidato cha tatu. Hebu fikiria, uitwe jina hilo kila asubuhi unapotumwa maji!

Wazazi wake walikuwa watu wa kulima na kufinyanga. Vyuoni hakupelekwa, na shuleni hakupelekwa. Alichojifunza ni kazi ya mikono: kuukanda udongo, kuufinyanga chungu, kukianika na kukichoma. Vyungu vikishakuwa tayari, vilipaswa kuuzwa, na mauzo yenyewe yalikuwa ya kutembea. Kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo wa karibu kilomita ishirini, pungufu kidogo ya kutoka Voi hadi Mwatate. Sisi tunaowaona mama zetu wakiteremka milima ya Taita na mizigo ya mboga kuja sokoni, twajua uzito wa safari kama hiyo. Tena mboga ikianguka waiokota. Chungu kikianguka, faida na mtaji vyote vimepasuka.

Basi katika kutembeza vyungu ndipo kipaji kilipojitokeza. Mtumwa alikuwa na sauti. Alipokuwa akinadi bidhaa yake aliimba, na watu walimsikia kabla hawajamwona. Wacha nikwambie, hilo lilikuwa tangazo la biashara lisilolipiwa! Lakini pia lilikuwa mazoezi. Anayepaza sauti jua kali na mzigo kichwani, siku nenda siku rudi, kifua chake hupanuka na pumzi zake hurefuka. Mwalimu wa sauti hakuwa naye bado, lakini njia ya Fumba ilikuwa imeshaanza kumfundisha.

KUINGIA MJINI

Mwaka 1911 Mtumwa aliiacha Fumba akahamia mjini. Alikuwa na miaka kama thelathini na moja. Hapa naomba tusimame kidogo. Siku hizi kijana asipojulikana kabla ya miaka ishirini hujiona amepitwa na wakati. Mama huyu alianza kutafuta njia yake akiwa na umri ambao majirani wengi wangemwambia atulie nyumbani.

Ili tuelewe ugumu wa jambo alilolifanya, sharti tujue taarabu ilikuwaje wakati huo. Taarabu iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka kijana aitwaye Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga ala. Baadaye, mwaka 1905, vijana wa mjini wakaunda chama chao cha muziki kiitwacho Ikhwani Safaa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Waimbaji walikuwa wanaume. Wasikilizaji walikuwa wakubwa na watu wa nasaba. Mtu wa kawaida wa Unguja, ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye sala, alizipenda sauti lakini maneno yalimpita juu ya kichwa.

Sasa mtazame anayegonga mlango huo. Ni mwanamke, ni maskini, ni mtu wa shamba, hajui kusoma, na jina lake ni Mtumwa. Mambo matano, na kila moja lilitosha kumrudisha Fumba.

Hakurudi. Alibahatika kukutana na Ali Muhsin, aliyekuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa. Bwana huyu aliisikia sauti yake akatambua kwamba dhahabu imefunikwa na udongo. Akamfundisha kuimba kwa taratibu za taarabu, akamfundisha na Kiarabu. Mwanafunzi hakuwa na daftari. Kila kitu alikishika kwa sikio, akakihifadhi kwa kichwa. Ndipo watu wengine wa muziki walipojiunga naye: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku, ambaye alikuwa mtu wa Mombasa, jirani yetu kabisa. Mara kundi likakamilika.

Na hapo ndipo jina la Mtumwa lilipozikwa. Akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Siti alilivua jina la Mtumwa lakini asili yake hakuiacha, kama tutakavyoona katika nyimbo zake.

TAARABU YA WATU WOTE

Siti hakukaa Mji Mkongwe kwenye majumba ya mawe. Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, walikokaa wachukuzi, wavuvi, mafundi, vibarua na watu wengi waliotoka utumwani wao au wazazi wao. Nyumba yake ikawa kama baraza. Jioni watu walikusanyika, wakazungumza yaliyotokea mjini siku hiyo, na katika mazungumzo hayo nyimbo zikatungwa. Ama kweli, hilo lilikuwa gazeti kwa watu wasiojua kusoma gazeti.

Jambo kubwa alilolifanya ni kuimba kwa Kiswahili. Si kwamba Kiarabu kilimshinda, aliimba kwa Kiarabu, na hata kwa Kihindi aliimba. Lakini moyo wa kazi yake ulikuwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ya jikoni. Taarabu ikatoka ukumbini ikashuka uani. Mpishi akaielewa, mchukuzi akaielewa, bibi harusi akaielewa. Hata kwa Sultani aliitwa akaimba, naye Sultani akamsikiliza binti wa mfinyanzi akiimba kwa lugha ya raia wake.

Na aliimba nini? Mapenzi aliimba, huwezi kuwa na taarabu bila mapenzi. Lakini pia aliimba mambo mazito. Maarufu zaidi ni wimbo uitwao Kijiti. Unahusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni, mja mzito, aliyekwenda starehe na wenzake Unguja, akauawa na mwanamume aitwaye Kijiti. Muuaji akatoroka akakimbilia bara. Waliobaki kutaabika mbele ya sheria ni wanawake waliofuatana na marehemu. Siti na kundi lake waliuchukua msiba huo wakaufanya wimbo, na kila aliyeusikia akajiuliza mwenyewe: hii ni haki gani, ya aliyeua kuwa huru na waliofiwa kuwa matatani?

Mimi nilipokijua kisa hiki nilitafakari sana. Marehemu hakuwa mtu mkubwa. Hakuna aliyejenga mnara kwa ajili yake. Kama si wimbo, angekwisha sahauliwa zamani. Karibu miaka mia moja imepita na bado yuatajwa. Basi anayesema kwamba kuimba ni upuuzi, na anijibu: ni nani mwingine aliyemtetea mama yule?

MANENO YA WATU

Usidhani njia ilikuwa tambarare. Kadiri Siti alivyopanda ndivyo maneno yalivyozidi. Wapinzani wake walimwimbia nyimbo za kumkumbusha alikotoka, kwamba alifika mjini na nguo duni na vyungu, na kwamba kama si koo lake angelala njaa. Wengine walimsema sura, kwa kuwa hakuhesabiwa miongoni mwa warembo.

Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba uzuri wa uso na nasaba si hoja, hoja ni akili na mwenendo wa mtu. Jamani, jibu gani tena hilo! Waliomcheka kwa kuwa hana ila sauti, aliwajibu kwa sauti hiyo hiyo.

Tena naomba wale wa mjadala wetu wasikilize vizuri hapa. Siti aliimba akiwa amejisitiri, amejifunika nguo kama mila ya wanawake wa Kiislamu wa Unguja ilivyotaka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba aliuza umbo lake. Alichokitoa mbele za watu ni sauti na maneno. Kwa hivyo kusema kwamba kuimba na adabu haviwezi kukaa nyumba moja ni kutoyajua maisha ya bibi huyu.

SAFARI YA BOMBAY

Sasa tufike kwenye safari iliyomtangaza. Mwaka 1928, kampuni ya santuri ya Kiingereza ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimchukua Siti na wenzake hadi Bombay, India, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Alikuwa na umri wa miaka kama arobaini na minane. Walivuka Bahari ya Hindi kwa meli, ile ile bahari iliyowaleta mababu wa Wahindi waliojenga reli iliyopita hapa Voi mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa nini iwe Bombay na isiwe Unguja? Sababu ni kwamba mitambo ya kunasa sauti ilikuwa huko. Vipaza sauti vya umeme vilikuwa vimeanza kutumika katika kazi hiyo mwaka 1925 tu. Kampuni hiyo pia ilikuwa na kiwanda cha santuri India, mahali paitwapo Dum Dum karibu na Calcutta. Santuri za wakati huo hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu utolewao na wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti huko India, ukachanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito na zilivunjika kama sahani. Au niseme, zilivunjika kama chungu! Mama aliyekuwa akibeba vyungu kwa uangalifu asivivunje, sasa sauti yake ilibebwa katika kitu chepesi kuvunjika vile vile.

Kulikuwa na shida nyingine. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi tu. Wimbo wa taarabu kwenye harusi unaweza kwenda robo saa au zaidi, kwa kuwa watu hutunza na mwimbaji hurudia. Kule Bombay hakuna wa kutunza wala wa kupiga vigelegele. Ni chumba kimya, mafundi wa lugha nyingine, na saa inayokimbia. Ilibidi wimbo ufupishwe bila kuharibiwa, na ukikosea waanza upya. Siti na wenzake walinasa makumi kwa makumi ya nyimbo katika hali hiyo, na katika miaka iliyofuata wakanasa nyingine. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri za kuuzwa.

Biashara ilikuwa moto. Santuri zilinunuliwa Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na hata bara. Asiye na gramafoni alikwenda kusikiliza kwa jirani au mkahawani. Kampuni nyingine za santuri zilipoona faida hiyo, nazo zikaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Na kila santuri iliyokwenda mbali ilikwenda na Kiswahili ndani yake. Sisi wana wa chama cha Kiswahili tungefaa kulikumbuka hilo, kwamba lugha yetu haikuenezwa na vitabu na walimu peke yao.

MWENZAKE WA INDIA

Nimesema Bombay, basi niruhusu niteleze kidogo, kisha nitarudi. Siti alipofika kule mwaka 1928, filamu za Kihindi zilikuwa bado bubu. Filamu yao ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa mwaka 1931. Kuanzia mwaka 1935 hivi ukaingia mtindo tunaoujua wote tuliowahi kutazama sinema za Kihindi: mwigizaji afungua mdomo tu, na anayeimba ni mtu mwingine aliyejificha nyuma ya pazia.

Mmoja wa waimbaji hao wa nyuma ya pazia aliitwa Uma Devi. Alizaliwa mwaka 1923 kaskazini mwa India, akawa yatima angali mtoto. Akiwa msichana alitoroka kwa jamaa waliomlea akaenda Bombay peke yake kutafuta kuimba. Mtunzi wa muziki Naushad akamsikia akamkubali, na mwaka 1947 sauti yake katika filamu iitwayo Dard ikampatia sifa. Baadaye waimbaji wenye mafunzo zaidi walipojitokeza, nafasi yake ya kuimba ikapungua. Badala ya kukata tamaa aligeuka mwigizaji wa vichekesho. Mwaka 1950 akaonekana katika filamu ya Babul, akapewa jina jipya la Tun Tun, na kwa miaka mingi akawachekesha watu kwa unene wake na maneno yake mpaka akawa mashuhuri kuliko alivyokuwa akiimba. Alifariki mwaka 2003.

Kwa nini nimemleta? Ni kwa sababu wanawake hawa wawili wafanana kwa mengi. Wote walitoka vijijini, wote hawakuwa na mtu mkubwa wa kuwashika mkono, wote walibadilishwa majina, na wote milango ya Bombay iliwafungukia. Tofauti ni kwamba mmoja alianza akiwa amefichwa nyuma ya pazia la filamu, na mwingine alijifunika mwenyewe lakini jina lake likaandikwa juu ya santuri. Tena angalia miaka, msomaji. Mwaka ule ule wa 1950 Uma Devi alipotokea kwenye filamu kwa mara ya kwanza, ndio mwaka ambao Siti alituaga.

MWISHO WA SAFARI

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka sabini hivi. Kabla hajafa Mungu alimjalia jambo moja jema. Mwandishi Shaaban Robert wa Tanga, yule yule tunayemsoma kwenye fasihi, alikutana naye akayachukua maelezo ya maisha yake. Kutokana na maelezo hayo akaandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotokea mwaka 1958. Ajabu iliyoje! Mama ambaye hakuweza kuandika jina lake aliandikiwa kitabu na bingwa wa Kiswahili, na leo wanafunzi wa shule na vyuo hujibu maswali ya mtihani juu yake.

Mti wake ulizaa matunda. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alijifunza kwa kumsikiliza Siti tangu utotoni, akaimba mpaka uzeeni kabisa, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki mwaka 2013 dunia nzima ilitangaza. Chama cha Wanahabari Wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kiliita Sauti ya Siti. Na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo akimkumbuka bibi huyo. Sauti iliyoanza kwenye njia ya Fumba haijanyamaza.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, sisemi tuache masomo tukaimbe. La hasha! Watu wasinisingizie. Siti hakukosa elimu kwa kupenda, alinyimwa. Na alipopata mwalimu mjini alisoma kwa bidii hata bila kalamu: Kiarabu, mahadhi, mashairi. Kama yeye, asiye na daftari, aliweza kuhifadhi nyimbo zote zile, sisi wenye madaftari na vitabu tunao udhuru gani?

Pili, kipaji peke yake hakitoshi. Fumba alikuwa na sauti ile ile, lakini ilikuwa sauti ya kuuzia vyungu. Ali Muhsin ndiye aliyeionyesha njia, na Subeti, Buda, Shaaban na Mbaruku ndio waliotembea naye. Kwa hivyo wewe mwenye uwezo wa kumsaidia mwenzako mwenye kipaji, usimcheke. Na wewe mwenye kipaji, tafuta wa kukunoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tatu, na hili ndilo lililonisukuma kuandika. Wenzangu katika mjadala walisema kwamba msichana anayeimba hupoteza heshima. Siti alizaliwa akiitwa Mtumwa, akafa akiitwa Bibi mwenye heshima, na kilichomtoa jina la kwanza kumpeleka jina la pili ni kuimba. Haikuwa mali, maana hakuzaliwa nayo. Haikuwa nasaba, maana hakuwa nayo. Haikuwa ndoa ya mtu mkubwa wala urembo. Ilikuwa sauti, iliyosema mambo ya maana, na mwenendo uliolinda sauti hiyo. Adabu haimo katika kunyamaza. Imo katika kile unachokisema unapofungua kinywa.

Katika milima yetu, kutoka Sagalla hadi Wundanyi na kuteremka hadi Taveta, wako wasichana wenye sauti zinazosikika kabla wenyewe hawajaonekana. Wengine huimba kwaya za kanisani Jumapili, wengine huimba kisimani wakisubiri zamu ya ndoo. Sijui ni nani kati yao atakayefika Bombay yake. Lakini naomba asirudishwe na sisi wenzake kwa kura za ukumbini.

Hoja hiyo ikirudi katika mjadala muhula ujao, nitasimama tena upande ule ule, na safari hii nitakuwa na mfano. Kwa hayo machache, kalamu naitua chini. Kiswahili kitukuzwe!